Ugomvi Wetu Ulipopanda Jukwaani Marekani

Umeshawahi kugombana na mwenzako mbele ya watu mia mbili, halafu wote wakawapigia makofi? Mimi yamenikuta. Wala haikuwa kwenye harusi ya ndugu hapa nyumbani. Ilikuwa Silver Spring, jimbo la Maryland, pua na mdomo na Washington, Marekani. Hakuna aliyepandisha sauti. Tuligombana kwa nyimbo mbili za kwetu na noti chache za dola.

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu, naona haya kukiandika. Mhariri mzima, kila mwezi nasoma barua zenu na kuwashauri mzungumze, mzungumze, mzungumze, kumbe nyumbani kwangu mazungumzo yamekauka! Lakini mwenzangu ameniruhusu kwa sharti moja, nisimtaje jina. Sawa, baba. Sikutaji.

Miaka miwili iliyovutika kama mpira

Mume wangu alikwenda Marekani kusoma shahada ya pili. Ahadi yetu ilikuwa miaka miwili. Siku tunamsindikiza uwanja wa ndege Dar es Salaam, binti yetu alikuwa na miaka miwili na nusu, akalia mpaka akapitiwa na usingizi kwenye teksi. Tulipanga simu kila siku saa mbili usiku kwetu, ambayo kwake ni saa saba mchana, muda wake wa kula. Na kweli, hatukukosa. Mashoga zangu walikuwa wananionea wivu. "Mwenzetu una bahati, wa kwetu wako Mbezi na hawapigi!"

Alipomaliza masomo akapata kazi ya mwaka mmoja. "Nipate uzoefu kidogo, mke wangu, na tumalizie nyumba." Niliona ana hoja. Nyumba yetu ya Tanga ilikuwa imeishia kwenye lenta. Mwaka ukaisha, ukaongezwa mwingine. Nyumba ikapata paa. Mimi nikapata mazoea ya kula chakula cha usiku nimeegemeza simu kwenye jagi la maji, natabasamu na kioo.

Mwaka wa nne nikapata viza ya kwenda kumtembelea kwa wiki tatu. Nilikuwa sijui nilie au nicheke kwa furaha. Wiki moja kabla ya safari, wifi yangu akanipigia kunitakia heri, na katika mazungumzo yale yakamtoka: "Na hongera kwa mkataba, nasikia kaka kaongezewa miaka miwili mingine."

Miaka miwili mingine! Nikajibu, "Ahsante, wifi," kama ninayejua. Nikakata simu, nikakaa kitandani pembeni ya sanduku, nguo nusu zimo ndani, nusu ziko nje.

Nilisafiri na lile jambo kifuani. Nikajiapiza kwamba sisemi mpaka aseme yeye. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anasubiri siku nzuri ya kuniambia. Hebu nieleze, msomaji, siku nzuri ya kumwambia mkeo habari mbaya huwa ni ipi? Siku zikapita. Tukala, tukatembea, tukapiga picha mbele ya majengo yale meupe ya Washington. Ukiziona picha zile utasema fungate.

Siku ya kumi na mbili nikashindwa. Tulikuwa tunaosha vyombo.

"Hivi, hakuna jambo hujaniambia?"

Akanyamaza kidogo. "Mke wangu, tangu umekuja naona umenuna kwa chini chini. Mimi nimekosa nini?"

"Jiulize mwenyewe."

"Nimejiuliza. Sioni kosa langu."

"Haya."

Vyombo vikaisha kimya kimya. Kesho yake akarudi kazini na tiketi mbili mkononi. "Jumamosi kuna muziki wa kwetu. Twende ukachangamke."

Pitia kwanza Ngamiani

Kabla sijakuingiza ukumbini, naomba nikupitishe kwetu Tanga, la sivyo hutaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Watu wa bara mnapenda kututania, eti Tanga ndiko mahaba yalikozaliwa, waja leo waondoka leo, na ukija hurudi kwenu. Sikatai! Lakini mahaba ya Tanga yana shule yake, na shule ile kwa bibi zetu ilikuwa taarabu. Bibi yangu alikuwa akiishi Ngamiani, kule ambako barabara zina namba badala ya majina. Ujanani mwake kulikuwa na Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, vikundi vya Tanga vilivyoibadilisha taarabu ya pwani. Badala ya kundi kubwa la fidla na ganuni kama la Unguja, wao waliingiza gitaa na besi la umeme, wakaipa mdundo wa kuchezeka. Huko ndiko alikovuma Shakila Saidi, binti wa Pangani, aliyefariki dunia mwaka 2016. Nyimbo za vikundi vile viwili zilifika hadi London, zikatolewa kwenye albamu iitwayo Nyota mwaka 1989.

Sasa, bibi hakuwa anakwenda taarabu kusikiliza tu. Alikuwa anakwenda kusema. Wewe unayejua taarabu unajua kutuza ni nini. Mwimbaji anaimba, unatulia zako kitini. Ukifika ule ubeti unaokuhusu, unainuka. Huendi mbio. Unakwenda kwa madaha, noti umeishika juu ionekane, unapita mbele ya yule unayetaka akuone, unamkabidhi mwimbaji, unarudi. Hujafungua mdomo, lakini ukumbi mzima umeshajua nani kasema nini na kamwambia nani.

Bibi alikuwa na kisa chake. Miaka ya 70 alipata fununu kwamba babu ana mchumba upande wa Chumbageni. Hakuuliza. Akangoja harusi ya jirani, taarabu ikapigwa, akainuka na noti ya shilingi kumi, fedha nyingi wakati ule, akampitia babu karibu kabisa mpaka doti ya kanga ikamgusa goti. Akatuza, akarudi kukaa. Bibi alikuwa akimaliza kusimulia anasema, "Babu yako hakuoa. Lakini pia miezi miwili hakusema na mimi." Sehemu hiyo ya mwisho tulikuwa tunaicheka. Ningeifikiria vizuri ingenisaidia.

Baba yangu yeye alikuwa mtu wa dansi. Kwake redio ikipiga Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, wapinzani wa jadi pale Tanga, hakuna anayeruhusiwa kuongea. Alipenda kutukumbusha kwamba ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha mwaka 1970, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi, na huko wakaitikisa Afrika Mashariki kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, na hao ndio waliotupa "Sina Makosa". Wimbo huo hakuna harusi ya pwani usikopigwa, na hakuna mlevi asiyeujua. Watu wengi wanadhani ni wa Kenya tu. Baba alikuwa akisikia hivyo anakohoa kwanza, halafu anaanza darasa.

Kwa hiyo mimi nimelelewa na mambo mawili: gitaa la baba na noti ya bibi.

"Ngoma ziko wapi?"

Jumamosi ikafika. Ukumbi wenyewe si mkubwa, viti vya kukunja vimepangwa mistari, mlangoni mama mmoja anagawa karatasi ya ratiba. Watu kama mia mbili. Wachache wetu Waafrika, Wakenya na Wakongo kwa sehemu kubwa, waliobaki ni Wamarekani, wengi watu wazima wenye mvi, wametulia kama wako kanisani.

Bendi ikapanda jukwaani. Wanamuziki saba: Wakenya watatu, Mkongo mpiga solo, dada mmoja wa Mombasa mwimbaji, na Wamarekani wawili, mmoja saksafoni, mwingine dramu. Magitaa matatu. Pembeni tumba moja pekee.

Kijana aliyekaa nyuma yetu akamnong'oneza mwenzake, na mume wangu akanitafsiria sikioni huku anacheka: "Anauliza ngoma ziko wapi."

Swali lile lina historia yake. Mmarekani wa kawaida, muziki wa Afrika alioletewa jukwaani kwa miaka mingi ulitoka Afrika Magharibi. Mwaka 1959 kundi la Les Ballets Africains la Guinea lilizunguka Marekani na ngoma za djembe. Mwaka 1960 Mnigeria Babatunde Olatunji, aliyekwenda kule mwaka 1950 kusoma chuo cha Morehouse mjini Atlanta, akatoa albamu ya ngoma iitwayo Drums of Passion, ikanunuliwa kama maandazi. Mwaka 1983 akaja King Sunny Adé na kundi lake kubwa la juju kutoka Nigeria, akazunguka miji yao na magitaa pamoja na zile ngoma zinazoongea. Ndugu zetu wa magharibi walifungua mlango, tuwashukuru. Lakini walioingia nyuma yao walikuta picha imeshatundikwa ukutani: Mwafrika ni ngoma.

Sisi wa mashariki tumesafiri pia. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walipiga Osaka, Japani, kwenye maonesho makubwa ya mwaka 1970. Remmy Ongala alialikwa tamasha la WOMAD mwaka 1988. Na huko huko Marekani, Samba Mapangala, Mkongo aliyepata jina Nairobi na Orchestre Virunga na anayeimba Kiswahili kitamu, alihamia tangu miaka ya 90 na amewachezesha Wamarekani kwa miaka mingi. Ila muziki wetu una shida moja ukifika ugenini. Utamu wake nusu uko kwenye gitaa, nusu uko kwenye maneno. Gitaa linapita uhamiaji bila tatizo. Maneno yanabaki nje.

Nikafungua ile karatasi ya ratiba. Pale palipoandikwa "Sina Makosa" pana maelezo mafupi kwa Kiingereza, yenye maana kwamba huu ni wimbo wa shangwe wa kusherehekea maisha. Nikampa mume wangu asome. Tukacheka wote wawili, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu nifike. Laiti tungeishia hapo.

Nyimbo mbili

Wimbo wa tatu solo likaanza kutekenya, na mimi nikalijua kabla ya besi kuingia. "Sina Makosa". Mwili wote ukasisimka, nikamwona baba yangu na redio yake. Wamarekani wakaanza kutikisa vichwa, wawili watatu wakainuka pembeni kucheza, wanatabasamu mpaka masikioni. Mtu anaimba kujitetea kwa mwenzie kwenye mambo mazito ya mapenzi ya watu wenye wao majumbani, wenyewe wanafurahia maisha!

Mara naona mume wangu anainuka. Nikadhani anakwenda msalani. Bwana wee! Akatoa noti ya dola tano, akaishika juu, akapita mbele yangu taratibu kwa madaha ambayo sijui aliyaficha wapi miaka yote ya ndoa, akaniangalia machoni, akaenda moja kwa moja mpaka mbele, akamkabidhi mwimbaji. Akarudi akakaa. Akakunja mikono.

Mimi sina makosa. Hivyo ndivyo alivyoniambia.

Nyinyi mnaonijua mnaweza kukisia nilivyojisikia. Masikio yalipata moto. Ningemjibu hapo hapo, lakini watoto wa Tanga hatujibu wimbo kwa mdomo. Nikangoja mapumziko mafupi, nikamfuata yule dada wa Mombasa karibu na jukwaa, anakunywa maji.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Watoka wapi?"

"Tanga."

Akacheka. "Tanga! Haya, wataka nini?"

"Nauliza kama unaijua 'Macho Yanacheka' ya Shakila."

Akaniangalia, akamtazama mume wangu kule kitini, akaniangalia tena. Mwanamke wa pwani huhitaji kumweleza. "Naijua," akasema. "Ngoja niwaambie hawa vijana wanifuate."

Kwenye ratiba wimbo ule haukuwamo, kwa hiyo hakukuwa na maelezo yoyote ya Kiingereza. Akausogelea mkuto wa sauti, akaimba pole pole, magitaa yanamfuata kama yanayomwogopa. Jina la wimbo linajieleza lenyewe. Ni habari ya mtu unayemwona usoni anacheka, na wewe unadhani yako salama. Nikaona zile picha zetu zote mbele ya majengo meupe. Nikaona jagi la maji. Nikaona miaka minne ya saa mbili usiku.

Nikainuka. Nilikuwa na dola ishirini, noti nne za tano tano, na nilitaka nizitoe moja moja. Noti ya kwanza nilikwenda kwa madaha kama bibi. Ya pili magoti yakaanza kulegea. Ya tatu nilikuwa nalia waziwazi, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na sikuweza kumwangalia mtu. Kijana mmoja mhudumu wa ukumbi akanifuata kwa upole kuniuliza kama niko salama na kunionesha kiti changu. Kwao, mtu anayeinuka katikati ya wimbo kwenda kumpa mwimbaji fedha mkononi ana tatizo!

Kilichotokea baada ya hapo sikukitarajia. Akainuka Mnaija mmoja, mwanaume wa makamo aliyevaa agbada, akaja mbele, akatoa noti zake na kuanza kumbandika yule dada kwenye paji la uso, moja moja, kama wanavyofanya kwenye sherehe zao. Kwao nako noti inazungumza! Wakongo wakainuka. Wakenya wakainuka. Wamarekani wakaangaliana, halafu mama mmoja mwenye mvi akafungua pochi, mwingine akamfuata, na muda si mrefu kuna foleni, ndefu na yenye adabu, kila mmoja na noti ya dola moja mkononi. Wimbo ulipokwisha ukumbi mzima ulisimama, makofi hayakatiki. Walikuwa wanampigia yule dada, walikuwa wanajipigia wenyewe, na kwa sehemu fulani walikuwa wanatupigia sisi, mke na mume tulioketi tumeachana kiti kimoja katikati, hakuna anayemtazama mwenzie.

"Haya, mmemaliza?"

Tulipokuwa tunatoka, yule mama mwenye mvi aliyeanzisha foleni akatusubiri mlangoni. Akatutazama, akasema kwa Kiswahili safi cha mashuleni:

"Haya, mmemaliza?"

Tukabaki midomo wazi. Kumbe miaka ya 80 alifundisha sekondari wilaya ya Muheza, mwalimu wa kujitolea wa Peace Corps, lile shirika lao ambalo Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kulipokea mwaka 1961. Ameshakwenda taarabu za Tanga. Katika Wamarekani wote wa usiku ule, nadhani ni yeye peke yake aliyejua kilichoendelea.

"Bado, mama," mume wangu akamjibu.

"Basi nendeni mkamalizie nyumbani," akasema. "Kule Muheza nilikaa miaka miwili. Niliona wanawake wengi wakituza. Sikuona wengi wanaorudi nyumbani na jibu."

Akatuaga, akaenda zake. Mimi na mume wangu tukatembea mpaka kwenye gari hatusemi. Akawasha taa ya ndani, hakuwasha injini.

"Nani alikwambia habari ya mkataba?" akauliza.

"Kwa hiyo upo."

"Upo. Lakini sijasaini."

Hapo ndipo nilipoyajua ambayo miaka yote ya simu sikuyajua. Mkataba aliupewa mwezi mmoja kabla sijafika. Alikuwa anataka asaini halafu atuombee mimi na mtoto tumfuate, na aliogopa kuniuliza kwa sababu alijua jibu langu. Na kweli alilijua, msomaji. Maana mimi mwenyewe nilikuwa nimepandishwa cheo kazini nikawa mhariri miezi mitano kabla, na nilimwambia nusu ya habari. Nilimwambia mshahara umeongezeka. Sikumwambia kwamba nimeahidi kazini kutoondoka kwa miaka mitatu. Na mimi nilikuwa nasubiri siku nzuri!

Yeye alidhani nimenuna kwa sababu chumba chake ni kidogo. Mimi nilidhani anatabasamu kwa sababu amenizoea mbali. Tulikaa kwenye gari lile mpaka vioo vikafanya ukungu. Tulipandishiana, nakiri. Kuna wakati alishuka akazunguka gari mara mbili ndipo akarudi. Lakini mwisho wake akatoa ile tiketi mfukoni, akaigeuza nyuma, akaandika kwa kalamu: mwaka mmoja, si miwili, na tarehe ya kurudi, 30 Juni. Tukasaini wote wawili. Tiketi ile ninayo mpaka leo.

Nilichojifunza, na ninachokuomba

Sisi watu wa pwani tunajivunia sanaa ya kufumba. Wimbo, kanga, kijembe, jicho. Ni sanaa tamu, na sitaki ife. Bila noti zile nadhani ningepanda ndege kurudi nyumbani na tabasamu langu, na ndoa ingekufa kistaarabu kabisa bila mtu kuinua sauti. Wimbo ulinisaidia kuanza.

Ila wimbo haumalizii. Bibi alituza, babu hakuoa, na miezi miwili nyumba ikawa kimya. Kutuza ni kubisha hodi tu. Mlango ukifunguliwa inabidi uingie na useme kwa maneno yako mwenyewe, yenye tarehe, yenye kiasi, yenye jina la mkataba.

Na wewe ambaye mwenzako yuko mbali, Muscat, Guangzhou, Minneapolis au hapo Mwanza tu, nikuulize. Ile simu ya kila siku mnazungumza nini? Umekula? Nimekula. Mtoto? Hajambo. Kazi? Inakwenda. Lala salama. Mimi nilikuwa najivunia simu zile, kumbe tulikuwa kama wale wasikilizaji wa Silver Spring, tunatikisa kichwa kwa mdundo, tunapiga makofi mahali panapostahili, maneno hatuyasikii. Leo jaribu swali moja: "Kuna kitu gani unasubiri siku nzuri ndiyo uniambie?" Uliza, halafu nyamaza. Na wewe uwe tayari kuulizwa.

Pia usiwacheke Wamarekani wale. Mimi niliwacheka kwa karatasi yao ya "kusherehekea maisha", lakini fikiria: walikuja kusikiliza lugha wasiyoijua, na walipoona watu wanainuka kutuza, hawakubaki vitini kutushangaa. Walifungua pochi wakajiunga, hata bila kuelewa. Kuna waume na wake waliooana kwa lugha moja na mila moja ambao hawajafika hata hapo.

Mume wangu alirudi. Si tarehe 30 Juni, alirudi tarehe 28 Julai. Mwezi ule mmoja bado namdai, na amekubali kwamba nina haki. Tunaishi Dar es Salaam, likizo tunakwenda Tanga kwenye nyumba yetu iliyopata paa, na binti yetu aliyemwacha analia kwenye teksi sasa anamfundisha baba yake kucheza nyimbo za Bongo Fleva.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi Raskazone. Bendi ikapiga "Sina Makosa". Nikamwona mwenzangu anaingiza mkono mfukoni, nikamkazia jicho.

"Nini?" akaniuliza.

"Hiyo noti unampelekea nani?"

Akafikiri kidogo, akairudisha mfukoni. "Nilisahau kukwambia," akasema. "Gari nimeligonga kidogo asubuhi. Taa ya nyuma."

"Ahsante kwa kuniambia," nikamjibu. "Sasa nenda katuze."